Kiuno kinauma bila kubeba mzigo

Mavuno ya mpunga yakiisha katika bonde la Kilombero, wengi hudhani kiuno nacho kimepata likizo. Kuinama shambani kumekwisha, magunia yako ndani. Lakini wapo wanaoumwa mwaka mzima bila kushika jembe wala kubeba gunia, kwa sababu kazi yao ni kukaa.

Mjini Ifakara, fundi cherehani hukaa tangu asubuhi, hasa shule zikikaribia kufunguliwa na sare zimerundikana. Mama anayechambua mchele hukalia kigoda kifupi, magoti karibu yaguse kifua, ungo mapajani, mgongo umepinda. Dereva wa bodaboda akikosa abiria huegemea tangi la pikipiki, shingo imeinamia simu. Jioni wote watatu wana lalamiko moja.

Kosa la kiti huwa dogo kuliko inavyodhaniwa. Misuli ikishikilia mkao mmoja kwa muda mrefu huchoka na kukaza, na zile sahani laini zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hukandamizwa zaidi mtu anapokaa ameinama mbele. Ndiyo maana karani mwenye kiti cha bei mbaya naye huumwa, kama anakikalia saa nne mfululizo.

Dawa ya kwanza ni kunyanyuka, walau kila nusu saa. Fundi akimaliza kushona kipande, akipige pasi amesimama. Asogee karibu na cherehani badala ya kuifuata kazi kwa shingo, kiti kiwe na urefu wa kuziacha nyonga juu kidogo ya magoti, na khanga iliyokunjwa ikae nyuma ya kiuno. Mchele unaweza kuchambuliwa juu ya meza. Kigoda kibaki jikoni, na hata huko kisikaliwe mchana kutwa. Simu inyanyuliwe ifuate macho.

Maji nayo yamo. Wafanyabiashara wengi, wanawake hasa, hujinyima maji kwa kukwepa safari ya chooni, na joto la Ifakara halina huruma. Anayekunywa vya kutosha atalazimika kuinuka, apende asipende. Kwa hili, choo cha mbali si kibaya sana.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ifakara ni tambarare na baiskeli zipo tele, hivyo anayeendesha kwenda shamba na kurudi huenda amezimaliza bila kujua. Mwenye shida ni yule anayepanda pikipiki hata kwenda dukani.

Lakini hatari kubwa ipo kwenye vidonge. Mtu akiumwa kiuno huhofia figo, kisha anakwenda duka la dawa kununua diklofenaki na kuimeza kila siku bila kupimwa. Vidonge hivyo hutuliza maumivu kweli, ila vikizoeleka vinaweza kuchubua tumbo hadi litoe damu, kupandisha presha na kudhuru figo zilezile alizokuwa akizihofia. Mzee, mjamzito, mwenye kisukari au mwenye presha asivinunue bila ushauri wa daktari.

Maumivu mengi ya kukaa hupungua ndani ya wiki chache mtu akibadili mkao na kuendelea kutembea. Kulala kitandani siku nzima huyaongeza. Ila mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari ndefu ya basi, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Na kiuno kikiuma huku mguu unaishiwa nguvu, ganzi imeshika sehemu za siri au mkojo haushikiki, mgonjwa asichuliwe mafuta nyumbani. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.