Polima zenye chapa ya molekuli

Polima zenye chapa ya molekuli ni polima zinazotengenezwa ili kunasa molekuli za aina fulani tu. Huundwa kuzunguka molekuli ya kielelezo. Kielelezo kikiondolewa, hubaki vishimo vyenye umbo lake.

Katika mkoa wa Singida, unaolima mahindi na karanga, zinaweza kusaidia kupima aflatoksini, aina ya sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara. Kwa kuwa aflatoksini ni hatari hata maabarani, kielelezo huweza kuwa kemikali nyingine inayofanana nayo.

Polima hizo hutenganisha sumu na vitu vingine vya sampuli kabla ya kupimwa. Hazisafishi nafaka ghalani. Kinga ya mkulima inabaki kukausha mazao vizuri na kuyahifadhi mahali pakavu.