Saa za dereva wa basi huhesabiwa, za jamaa yetu je?

Kila Disemba, shule zikifungwa, jamaa zetu walioko Nairobi huanza kushuka Pwani. Anayeishi Mutuini, kule Dagoretti, hushika Southern Bypass hadi Mombasa Road, na mbele yake pana karibu kilomita 480. Tumezoea kulaumu malori na wembamba wa barabara, na kweli sehemu kubwa ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Lakini malori hayo yapo mwaka mzima. Kinachobadilika Disemba ni dereva.

Sheria ya Kenya inamkataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Mwenye gari lake hahesabiwi na mtu. Hutoka kazini jioni, akapakia watoto na mizigo, akaondoka saa nne usiku eti akwepe foleni. Saa nane yuko Mtito Andei, nusu ya safari, na tangu alfajiri hajafumba jicho. Hapo ndipo lori la mbele humchosha subira.

Disemba 31, 2017, watu 36 walipokufa Migaa, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, NTSA ilipiga marufuku mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku. Magari ya kibinafsi hayakuguswa.

Nasi tunaongoja huku tuna sehemu yetu, kwa simu zetu za "mmefika wapi?" kila nusu saa. Mwambieni alale kwanza, aondoke baada ya sala ya alfajiri. Biriani itawekwa hadi jioni.