Kinywe cha Ruangwa kiingie darasani



Nami natoa maoni yangu kuhusu madini ya kinywe yaliyomo wilayani kwetu Ruangwa.

Kila yanapozungumzwa madini haya, mazungumzo huwa ni fidia, ajira na bei. Hayo ni haki ya wananchi, wala sina ugomvi nayo. Lakini sijasikia mtu akiuliza ni nani atakayewaeleza watoto wa hapa kinywe ni kitu gani. Mtoto anaandika kwa penseli yenye kinywe ndani yake, kisha anafundishwa atomi kwa mchoro wa ubaoni, kana kwamba atomi zinaishi Ulaya.

Kinywe ni kaboni. Almasi ya Mwadui nayo ni kaboni. Tofauti ni jinsi atomi zinavyoshikana. Katika almasi kila atomi imeshikwa na wenzake wanne, pande zote. Katika kinywe zimeshikana sana ndani ya tabaka moja, lakini tabaka na tabaka zimeshikana kidogo tu. Ndiyo maana ukikigusa kinakuachia weusi vidoleni.

Mwaka 1985 huko Houston, Marekani, wataalamu Kroto, Curl na Smalley pamoja na wanafunzi wao walipiga kinywe kwa mwanga wa leza hadi kikatoa mvuke, wakaupoza kwa gesi ya heliamu. Atomi zikakusanyika vishada vidogo vidogo, na kishada kilichojitokeza kuliko vingine kilikuwa na atomi 60, zimejifunga mviringo kama mpira wa miguu. Mwaka 1996 wataalamu hao watatu wakapewa Tuzo ya Nobel. Na mtambo ule haukutengenezwa kwa ajili ya kinywe. Smalley aliutumia kwanza kuchunguza vishada vya metali na vitu vingine. Leza moja hutoa mvuke, nyingine humulika vishada, na kwa kuangalia ni rangi zipi za mwanga zinazofyonzwa, mtaalamu hujua atomi zimeshikanaje.

Sidai kila shule ipewe leza. Chumvi kidogo ikitupwa motoni hutoa rangi ya manjano, na huo ndio mwanzo wa elimu hiyo hiyo. Tukipata vipande vya kinywe, betri na balbu, mtoto ataona mwenyewe kwamba jiwe hili jeusi linapitisha umeme. Hatasahau.

Sheria ya Madini, ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni ya kuchimba aandae kila mwaka mpango wa kuisaidia jamii na akubaliane na serikali ya mitaa. Madawati tunayahitaji, na vyoo pia. Lakini naiomba Halmashauri yetu, inapokaa na wachimbaji, idai na fungu la vifaa vya sayansi kwa shule za msingi. Hayo mawe wasihangaike kuyasafirisha, walimu tutayafuata wenyewe kwa baiskeli.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ruangwa, Lindi.