MJUMBE ASEME KWA MIFANO



Tumehudhuria mikutano mingi ya matawi, na jambo moja hutuudhi. Mjumbe hutoka ofisini kwa mwajiri amechoka, husimama mbele ya watu mia mbili, akawasomea mapatano kifungu baada ya kifungu. Hesabu zake ni sahihi. Lakini ukiwauliza wanachama langoni amesema nini, watakujibu, "Amesema mambo ya chama." Basi mwanachama asiyeelewa alichopata atakitetea vipi? Na ada yake ataitoa kwa moyo gani?

Maoni yetu ni kwamba mjumbe ajifunze kutoa mifano, tena mifano inayotoka katika kazi ya wale anaosema nao.

Tuchukue nyongeza ya mshahara. Mtu alipata shilingi 20,000, akaongezwa asilimia 6, sasa anapata 21,200. Lakini vitu alivyokuwa akinunua kwa 20,000 vimepanda kwa asilimia 8, sasa ni 21,600. Ameongezwa, na bado amepungukiwa shilingi 400. Karani huyaona haya mara moja. Watu wa bandarini Mombasa uwaambie hivi: mshahara ni kamba ya nanga, bei ni maji. Maji yakijaa na kamba ikiwa fupi, chombo huvutwa chini na nanga yake mwenyewe. Lakini mfano huo usiupeleke Kericho kwa wachuma chai, kwa maana wengi wao hawana habari ya maji kujaa na kupwa. Hao wanalipwa kwa kilo, kwa hiyo sema nao habari ya mizani: kikapu ni kizito vile vile, mgongo unauma vile vile, ila mshale umerudi nyuma.

Wako wanaosema kwamba mifano ni maneno ya watoto, na chama cha kisasa kiseme kwa sheria na takwimu. Hatukubali. Neno Harambee lilikuwa mwito wa watu wanaovuta mzigo mzito kwa pamoja. Mwaka 1963 Jomo Kenyatta alilifanya kuwa mwito wa taifa zima, na leo limeandikwa katika nembo ya Jamhuri. Lilitoka katika vinywa vya wafanya kazi, wala halikuhitaji mkalimani. (Waliolitumia baadaye kuchangisha fedha ambazo hazikuonekana tena, hiyo ni habari nyingine.)

Tena, ndugu zetu, waajiri wanaijua sana kazi hii. Ni mara ngapi tumeambiwa, "Hapa sisi sote ni jamaa moja"? Maneno matamu, na mjumbe asiyejua mifano hubaki kimya au hukasirika. Asikasirike, aingie ndani ya mfano huo huo na kuuliza. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi akipunguzwa kwa sababu kazi imekwisha, apewe notisi isiyopungua mwezi mmoja, na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Je, ni baba gani, chakula kikipungua nyumbani, humwandikia mwanawe notisi ya mwezi na kumhesabia siku 15 kwa kila mwaka aliolelewa? Na tukiambiwa tukaze mikanda, tuulize ni nani mwenye tumbo la kukazwa. Mkutano utacheka, na katika kucheka huko watu watakuwa wameelewa.

Lakini kila mfano una mwisho wake, na hapa wajumbe wengi huteleza. Sisi husema kwamba mapatano ambayo hayajaandikishwa kortini ni kama shamba lisilo na hati. Ni mfano mzuri, kwa sababu kila Mkenya anajua maana ya kulima mahali ambapo huna karatasi, na ni kweli kwamba mapatano hupata nguvu ya sheria yakiisha kuandikishwa. Basi mwanachama mmoja husikia, akaenda nyumbani akifikiri kwamba amepata kitu cha kurithisha wanawe. Sivyo. Mapatano yana muda wake. Muda ukiisha ni lazima kurudi mezani. Mjumbe aseme wazi, "Mfano wa hati unaishia hapa," kisha aitaje tarehe ya mwisho ya mapatano, kwa siku, mwezi na mwaka.

Vile vile mfano usishike nafasi ya hesabu. Tumemsikia mtu akisema juu ya simba, fisi na mbuzi kwa muda wa nusu saa, na hakuna aliyejua kama nyongeza ilikuwa mia tano au elfu moja. Toa hesabu kwanza, kisha mfano, kisha urudie hesabu.

Na kabla ya siku ya mkutano, mjumbe aujaribu mfano wake kwa watu wawili watatu saa ya chai. Asiwaulize kama wameupenda. Awaombe wamweleze yeye mapatano yanasemaje, akae kimya asikilize.