Mgonjwa Wetu Yuko Macho

Daktari wa upasuaji mara nyingi hufanya kazi mgonjwa akiwa usingizini. Sisi wa meno, mgonjwa wetu yuko macho. Anaiona sindano ikija, anasikia mashine ikivuma ndani ya kichwa chake, na hawezi kusema neno kwa kuwa mikono yetu imo kinywani mwake. Daktari naye amemwinamia, shingo imepinda, anatafuta tundu kwenye jino la mwisho huku ulimi ukikisukuma kioo. Ni kazi chache ambazo hofu ya mtu mmoja humfikia mwenzake kwa karibu kiasi hicho, tena mara nyingi kwa siku. Toleo hili linazungumzia pande zote mbili za kiti hicho, na msimamo wangu nauweka wazi mapema: wagonjwa wengi tunaowaita wasumbufu wanatokana na namna tunavyoendesha kliniki, na hicho kinachowafanya wasumbufu ndicho kinachotumaliza sisi.

Chukua suala la ganzi. Mtu anakuja baada ya wiki za kusukutua maji ya chumvi, kubana karafuu jinoni na kumeza vidonge vya maumivu. Shavu limevimba. Sote tulifundishwa kwamba penye uvimbe na usaha tishu huwa na asidi zaidi, na dawa ya ganzi hupenya kwenye neva kwa taabu. Hata pasipo usaha, sindano ya taya la chini inahitaji dakika kadhaa ishike sawasawa. Lakini nje benchi limejaa, jina la anayefuata limeshaitwa, na daktari anashika koleo kabla ya wakati. Mgonjwa anashtuka, anaudaka mkono wa daktari. "Tulia, hayo si maumivu, ni msukumo tu," anaambiwa. Yeye anajua anachokisikia. Siku nyingine akiumwa atachelewa zaidi, atakuja na uvimbe mkubwa zaidi, na ganzi itashika kwa shida zaidi. Kwenye faili lake tutaandika kwamba hatoi ushirikiano.

Na benchi hilo halitafupika leo wala kesho. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 3.5, karibu nusu ya binadamu wote, wana maradhi ya kinywa.

Watoto wengi hutufikia wakiwa wameshatishwa. "Ukiendelea kulia, daktari atakuchoma sindano," mzazi anamwambia mwanawe pale pale mlangoni, mbele yetu, na wengi wetu tunacheka kidogo na kuendelea. Tusicheke tena. Mtoto huyo amefundishwa kwamba sisi ni adhabu, na dakika ishirini zijazo mtu atakayelipia somo hilo ni daktari, pamoja na yule mtoto aliyeshikwa miguu na watu wawili. Mwaka 1959 daktari wa meno Addelston alieleza njia ambayo hadi leo haijapitwa: mweleze mtoto kwa maneno yake, mwonyeshe kifaa, ndipo ukitumie. Kwa watu wazima, mwanasaikolojia Norman Corah alitoa maswali manne mwaka 1969 ya kupima hofu kabla mgonjwa hajakaa kitini. Haya yanafundishwa vyuoni. Hayahitaji mashine wala dawa, yanahitaji dakika, na dakika ndizo ratiba zetu zinazotunyima.

Kuna ugumu mwingine ambao vitabu vya kigeni haviutaji, nao ni wa umri. Daktari ana miaka ishirini na saba. Anaingia mzee anayelingana na babu yake. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, binti. Daktari mwenyewe yuko wapi?" Baada ya maamkizi hayo binti huyo ndiye anayepaswa kumwamuru mzee afungue kinywa, asisogee, asifunge mpaka aambiwe. Vijana wengi huogopa kumsimamisha mzee anayewafokea, kwa sababu wamelelewa hivyo, na malezi hayo ni mema. Lakini hasira inayomezwa asubuhi haipotei. Hutoka mchana kwa mgonjwa mpole asiye na kosa, au jioni kwa watu wa nyumbani.

Hata hivyo, makelele siyo yanayochosha kuliko yote. Kinachochosha zaidi ni sentensi fupi: "Ng'oa tu, daktari, niondokane nalo." Jino linaweza kutibiwa mzizi, likazibwa, likadumu miaka mingi. Mgonjwa ni kijana, jino ni gego zima lenye tundu moja. Ila matibabu ya mzizi yana gharama kubwa kuliko kung'oa na yanaweza kumrudisha kliniki zaidi ya mara moja, naye ametoka mbali kwa nauli ya kukopa. Daktari anaeleza, anabembeleza, kisha anang'oa. Anafanya vizuri, bila kuvunja mzizi, na bado anakwenda nyumbani akijua ametenda chini ya alivyofundishwa. Rudia hilo kwa miaka, utamwelewa yule mwenzetu aliyeacha kueleza, anayeingia, anang'oa, anaita mwingine. Tunamwona mkavu wa moyo. Mimi naona mtu aliyepata njia ya kutoumia.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya kuchoshwa na kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi moyoni au kuikinai, na kuona huifanyi tena vizuri. Halikuiita ugonjwa. Lilisema inatokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Neno "kazini" ndilo ningependa viongozi wetu walisome mara mbili. Kumwambia daktari avumilie, asali, afanye mazoezi, ni ushauri mwema, lakini hauongezi hata dakika moja kati ya sindano na koleo. Uvumilivu ni kama ganzi ya stoo: ukitumika kila siku bila kuagizwa mwingine, utakwisha.

Nisieleweke vibaya. Mgonjwa anayetukana, anayemshika muuguzi vibaya au anayeinua mkono si suala la hofu wala ratiba. Kazi isimame, vifaa vitolewe kinywani, mtu wa pili aingie chumbani. Kumkabidhi mgonjwa kwa mwenzako si kushindwa. Ninaowahurumia hapa ni matabibu wa meno walio peke yao katika vituo vya pembezoni, wasio na wa kumkabidhi na wasio na wa kuzungumza naye jino gumu likishatoka. Kwao simu ya jioni kwa mwenzao wa chuo ni tiba halisi, na waganga wakuu wa wilaya wanaweza kuifanya iwe utaratibu badala ya bahati.

Kwa wakuu wa vitengo nina ombi moja. Jumatatu, siku wanapofurika waliokesha na maumivu tangu Ijumaa, hesabuni wagonjwa wa kila kiti, na kwa kila mmoja andikeni dakika zilizopita tangu sindano hadi koleo. Tuleteeni hesabu hizo. Tutazichapisha bila kutaja kituo.