Kuitetea Picha ya Nyumbani

Wako watu wa elimu wazidharauo picha zipigwazo nyumbani. Hunena kwamba picha ya mtoto aliyebeba ndoo, au ya bibi aliyeketi juu ya kigoda, au ya marafiki watatu walioegemea basi katika stendi ya Makambako, haistahili kutazamwa mara mbili. Picha, wasema, ni sanaa, na sanaa yataka fundi. Yaliyobaki ni uraibu wa watu waliokosa kazi. Maneno haya husemwa madarasani na barazani, na kwa kuwa hayajibiwi, yameanza kujipatia heshima ya ukweli. Mimi nayapinga. Nasema kwamba katika picha zote zipigwazo nchini, picha ya nyumbani ndiyo ambayo hasara ya kuikosa ni kubwa kuliko zote, na kwamba mtu apendaye kuipiga kwa furaha yake na ya jamaa zake hafanyi upuuzi.

Tuanze na hoja ya ufundi. Hoja hii ilikuwa na nguvu mwaka 1839, Daguerre alipoutangaza uvumbuzi wake Ufaransa. Wakati ule picha ilitaka sahani ya shaba iliyopakwa fedha, mvuke wa zebaki, na mtu awezaye kutulia kama jiwe. Lakini mwaka 1888 George Eastman wa Marekani aliuza kamera yenye mkanda wa picha 100. Mnunuzi alipiga picha zake, kisha akakirudisha chombo kizima kiwandani ili mkanda usafishwe na mwingine utiwe. Mwaka 1900 ikatoka kamera ya sanduku iitwayo Brownie, kwa bei ya dola moja, nayo iliwalenga hata watoto. Tangu hapo picha haikuwa tena mali ya mafundi peke yao. Leo kamera imo ndani ya simu, na simu imo mfukoni mwa muuza viazi. Atakaye kuirudisha kamera kwa mafundi ni sawa na atakaye kuirudisha kalamu kwa makarani, ati kwa sababu watu wa kawaida huandika barua zisizo na fasaha.

Siwadharau mafundi. Unguja ilikuwa na studio ya A. C. Gomes tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua huko Capital Art Studio. Miji yetu mingi ya bara nayo ilipata chumba chake chenye pazia lililochorwa. Mtu aliingia mle amevaa nguo yake njema, akanyoosha mgongo, akatoka na sura aliyotaka kuiachia dunia. Hiyo ni kazi ya heshima. Lakini picha ya studio husema jinsi mtu alivyotaka kuonekana. Picha ya nyumbani husema jinsi alivyoishi. Studio haina jiko, haina shamba la viazi, wala haina lile koti lenye viraka ambalo babu hakubali kulivua baridi ya Njombe ishukapo mwezi wa Juni. Ya kwanza ni hotuba, ya pili ni mazungumzo. Nani amewahi kuridhika na jamaa aliyemwachia hotuba peke yake?

Sasa namwomba msomaji afuatane nami mpaka msibani. Mtu amefariki katika kijiji kimoja cha Njombe. Jeneza liko tayari, na jamaa wataka picha ya kuweka mbele yake. Simu zafunguliwa, moja baada ya moja: mna picha za harusi za wengine, mna magari, mna sahani za chakula, marehemu hamo. Mwishowe huletwa kitambulisho chake, na ile sura ndogo iliyopigwa ofisini, yenye macho yaliyoduwaa, hukuzwa mpaka mipaka yake ikapotea. Miaka 60 ya kucheka, kulima na kulea yaagwa kwa sura ya nukta moja ambayo mwenyewe hakuipenda. Nani asiyepata kuliona jambo hili? Fundi hakukosekana, maana studio iko mjini. Kamera haikukosekana, maana simu zilijaa nyumbani. Iliyokosekana ni desturi ya kumhesabu mtu wa kila siku kuwa mtu wa kupigwa picha.

Katika mkoa ule jambo hili lina uzito wa pekee. Njombe ilitengwa na Iringa ikawa mkoa mwaka 2012, na utafiti wa taifa wa 2011 na 2012 ulikuta kwamba asilimia 14.8 ya watu wake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi vya UKIMWI, kiwango kilichozidi cha mikoa mingine yote. Utafiti wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima. Sasa dawa zimerefusha maisha, na mwenye virusi aweza kuwalea hata wajukuu wake. Lakini kabla dawa hazijaenea, nyumba nyingi ziliwapoteza wazazi wangali vijana. Wako watu wazima leo, waliolelewa na bibi zao, wasiojua mama zao walikuwa na sura gani. Mmoja wao huambiwa, “Una macho yake,” naye huenda kwenye kioo kumtafuta mama. Mwambieni mtu huyo kwamba picha ya nyumbani ni upuuzi!

Jirani zetu wa Uganda waliufahamu ukweli huu mapema. Katika miaka ya 1990 wanawake waishio na virusi, katika chama chao cha NACWOLA, walianza kuwatungia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Mama aliandika habari za ukoo, za kuzaliwa kwa mwanawe, na za mambo aliyomtumainia, akabandika na picha. Hakungoja msanii aje. Alijua kwamba mtoto hatauliza kama picha ilipangwa kwa kanuni. Atauliza kama huyu ndiye.

Msomi wetu atajibu kwa vitabu. Atamtaja Susan Sontag wa Marekani, aliyeandika mwaka 1977 kwamba kumpiga mtu picha ni namna ya kumshambulia. Onyo hilo lamfaa mgeni ashukaye garini akaielekeza kamera kwa mwanamke asiyemjua sokoni. Halimfai mjukuu ampigaye bibi yake, naye bibi amekwisha kusema, “Ngoja kwanza nifunge kilemba.” Basi msomi na amtaje pia Roland Barthes wa Ufaransa. Mama yake alifariki mwaka 1977. Mwana akautafuta uso wake katika picha za zamani, akaukuta katika picha moja ya mama alipokuwa mtoto wa miaka mitano. Juu ya picha hiyo alijenga kitabu kilichotoka mwaka 1980, lakini picha yenyewe hakuichapa, maana alijua kwamba kwa wengine ingekuwa picha ya kawaida tu. Hapo pana jibu la dharau yote. Ukawaida wa picha ya nyumbani si aibu yake. Ni alama kwamba ina wenyewe.

Na picha isiyo na wenyewe twaijua. Katika enzi ya Wajerumani picha nyingi za watu wa nchi hii zilipigwa na wageni: wamisionari, maofisa, na mafundi kama Walther Dobbertin, ambaye kazi yake yahifadhiwa katika nyaraka za taifa la Ujerumani. Kwa ufundi ni picha nzuri. Lakini aghalabu picha za enzi ile ziliandikwa chini yake kabila au kazi: mpagazi, askari, mwanamke na mtoto. Jina la mtu halimo. Nchi ya Wabena iliingia katika vita vya Maji Maji mwaka 1905. Waliopigana, waliokimbia na waliozika walikuwa na nyuso na majina, na vitukuu vyao wangefurahi kuzitazama nyuso hizo. Fundi alikuwapo nchini; ndugu mwenye kamera hakuwapo.

Wageni wale twawalaumu, na lawama ni ya haki. Lakini sisi twafanyaje? Simu moja hubeba maelfu ya picha, na hakuna hata moja iliyoandikwa jina, mahali wala mwaka. Siku simu itumbukiapo majini, au iibwapo katika msongamano wa stendi, ukoo mzima wazama pamoja nayo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na uso bila jina hupotea hata ukiwa mbele ya macho. Tukiendelea hivi, vitukuu vyetu watatutazama kama tuwatazamavyo wapagazi wa Dobbertin, na wao hawatakuwa na Mjerumani wa kumlaumu.

Iko hoja moja ya wapinzani ninayoiheshimu. Wazee husema kwamba picha zimegeuka kuwa majivuno: watu hupika ili waonwe wamepika, husali ili waonwe wamesali, na watoto wadogo huanikwa mbele ya umma kama nguo juu ya kamba. Ni kweli. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yakiri kwamba habari za mtu zataka ulinzi. Lakini lawama hiyo ni ya picha iliyotoroka nyumbani, si ya ile iliyokaa. Mcheza kwao hutunzwa. Picha iliyopigwa kwa ajili ya watu kumi waijuao haina haja ya kusifiwa na watu elfu wasioijua. Dawa ya majivuno si kuiweka kamera chini; ni kuigeuza itazame ndani.

Wapinzani hulitamka neno furaha kana kwamba ni kosa. Mimi nalitamka kwa kinywa kipana. Jumapili alasiri jamaa wa Njombe washukao mpaka maporomoko ya mto Ruhuji, karibu na mji, hawaendi kutengeneza sanaa. Waenda kucheka. Mmoja ateleza, mwingine afumba macho kila mara apigwapo, na shangazi adai picha irudiwe mpaka shingo yake itokee vizuri. Katika mchezo huo mtoto hujifunza mambo ambayo darasa lingemfundisha kwa taabu. Hujifunza kwamba jua la saa sita hutia giza ndani ya macho, na kwamba ukungu wa asubuhi hulainisha uso kuliko pazia lolote la studio. Hujifunza kumgeuza babu kidogo, mwanga wa mlangoni umwangukie shavuni. Kwa miaka mingi viwanda vya filamu vilipima rangi zao kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, na nyuso zetu zikatoka kama makaa yenye meno. Hata simu ya leo hukosea ikutapo uso mweusi mbele ya dirisha lenye mwanga mkali. Lakini aupendaye uso ule huligundua kosa, akaigusa simu mahali pa uso, au akamsogeza mwenye uso. Mapenzi ni mwalimu wa ufundi.

Watu wengine hupanda mpaka Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, wakapiga maua mia mbili, na shangazi waliyekwenda naye wakamsahau. Ua hurudi kila msimu wa mvua, shangazi harudi. Na Makambako ni mji wa kuagana. Hapo barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia yakutana na ile iendayo Njombe na Songea, na hapo treni ya TAZARA hupita juu ya reli iliyojengwa baina ya 1970 na 1975. Kijana aendaye masomoni, binti aliyeolewa mbali, rafiki aliyepata kazi pwani, wote huagwa hapo. Dakika moja ya picha kabla ya basi kuondoka ni burudani kwa anayebaki, na ni amana kwa anayekwenda.

Nina shutuma moja kwa wapenda picha pia, nisije nikaonekana natetea kila kitu. Katika nyumba nyingi mkono mmoja tu ndio ushikao kamera, na mwenye mkono huo hatokei katika picha hata moja. Miaka ikipita, ukoo wamtafuta asionekane, ingawa kila picha ni yake. Kamera na izunguke kama kata ya ulanzi: baba apige, mama apige, mtoto apige, na bibi asemaye kwamba hajui apewe wa kwanza.

Basi haya ndiyo niyatakayo, nayo si makubwa. Kila mwaka nyumba ichague picha kumi na mbili na kuzichapa katika karatasi. Nyuma ya kila moja paandikwe, kwa kalamu ya risasi, jina la kila mtu, mahali na mwaka. Albamu ikae mbali na moshi wa jiko na unyevu wa ukuta, na nakala ya pili ikae nyumba ya ndugu mwingine. Gharama yake haifiki ya mkungu wa ndizi. Nanyi wanafunzi mwendao likizo, mnaosoma picha za mataifa katika vitabu vikubwa, ingieni nyumbani mwulize: huyu aliyesimama nyuma ya mlango ni nani? Ulizeni angali yupo wa kujibu. Jina atakalotaja, liandikeni siku ile ile.