Tatu Alikuwa Wapi?



Kuna mchezo mmoja wa nyimbo ambao vikundi vya mitaa huko Uingereza na Marekani hupenda kuucheza. Wachezaji wao si watu wa kazi hiyo. Ni mwalimu, muuguzi, fundi wa magari, mama muuza duka. Hukutana jioni katika ukumbi wa shule au wa parokia, wakajifunza nyimbo miezi mingi, na mwisho jirani zao wakaja kuwatazama. Jambo hilo ni jema. Mtu asiseme kwamba katekista huyu anachukia michezo, kwani mimi mwenyewe kila Kwaresima hushindana na vijana ili wayashike maneno yao ya Mateso. Neno langu ni juu ya kile kinachoimbwa.

Mchezo huo unaitwa Evita. Maneno ni ya Tim Rice, muziki ni wa Andrew Lloyd Webber, Waingereza wawili. Ulitoka kwanza katika santuri mwaka 1976, ukapanda jukwaani London mwaka 1978. Unaeleza habari za Eva Perón, mke wa Juan Perón aliyekuwa rais wa Argentina. Mwanamke huyo alizaliwa mwaka 1919 katika mji mdogo wa Los Toldos, wazazi wake hawakufunga ndoa, akakua katika umaskini, akaingia Buenos Aires kutafuta kazi ya kuigiza, akaolewa na Perón mwaka 1945, akafa kwa kansa tarehe 26 mwezi wa 7 mwaka 1952. Alikuwa na miaka 33 tu.

Sasa, katika mchezo huo yuko mtu mmoja anayeitwa Che. Yeye ndiye msimulizi. Anamfuata Evita kila mahali, anamcheka, anamwuliza maswali makali, anawaonyesha watazamaji wamtazame kwa jicho gani. Kule London alivikwa ndevu na mavazi ya askari wa msituni, ili kila mtu amtambue: ni Ernesto Che Guevara.

Basi tuulize kama waamuzi wanavyouliza: shahidi huyu alikuwa wapi? Guevara alizaliwa Rosario, Argentina, mwaka 1928. Perón alipoingia ikulu na mkewe mwaka 1946, yeye alikuwa kijana asiyejulikana na mtu. Evita alipokufa, yeye alikuwa safarini mbali na inchi yake. Mabishano yale makali tunayoyasikia jukwaani kati ya watu hao wawili hayakutokea hata siku moja.

Sisi wa mashariki ya Kongo tuna njia yetu ya kumjua mtu huyo. Mwezi wa 4 mwaka 1965 alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma pamoja na Wakuba wake, akashuka Kibamba, akakaa katika milima ya upande wa Fizi mpaka mwezi wa 11. Walijipa majina kwa hesabu ya Kiswahili, naye aliitwa Tatu. Alikuja kuwasaidia waasi, akaondoka ameshindwa, na mwenyewe aliandika hivyo bila kuficha. Kama twataka ushahidi wa Tatu juu ya Kibamba, anao. Juu ya Buenos Aires ya Evita, hana.

Mtaniambia: ni mfano tu, si mtu mwenyewe. Basi kwa nini ndevu? Ni kweli kwamba katika filamu ya mwaka 1996 ndevu ziliondolewa, akawa mtu wa kawaida wa mjini. Hiyo ni nafuu. Lakini mtu huyo wa kawaida bado ndiye anayekata hukumu, na marehemu hana wa kumsemea.

Tena wapo wanaosema: nyimbo ni nyimbo, anayetaka ukweli akasome kitabu. Hapo ndipo ninapogombana nao kabisa. Kitabu watu hukifunga wakakisahau. Wimbo huenda nao nyumbani, wakaupika na ugali. Mwaka mmoja katika Mateso yetu mwalimu mmoja mpole aliigiza Pilato. Alinawa mikono vizuri mno! Kuanzia siku ile watoto walimwita Pilato sokoni, hata mke wake akaitwa Mama Pilato, na mpaka leo nasikia haya kidogo nikikutana naye. Yule alikuwa hai, aliweza kucheka na kujitetea. Aliyezikwa afanyeje?

Tazameni jambo moja. Katika mchezo, msichana Eva anapelekwa mjini na mwimbaji wa tango, Agustín Magaldi, kisha anapanda ngazi ya maisha kutoka mwanamume mpaka mwanamume. Walioyachunguza maisha yake hawakupata uthibitisho kwamba Magaldi ndiye aliyempeleka. Na wimbo wa namna hiyo, tukiupima kwa amri ya nane, una jina lake. Msichana maskini aliyezaliwa nje ya ndoa amekwisha kusemwa vya kutosha na majirani wa Los Toldos; hakuhitaji watu wa London kuongeza.

Wala sisemi kwamba alikuwa malaika. Gazeti La Prensa lilinyang'anywa wenyewe mwaka 1951. Wapinzani wa Perón walifungwa. Fedha za shirika lake la misaada zilitoka kwa sehemu katika mishahara ya wafanyakazi, na hesabu zake hazikuwa wazi. Mchezo una haki ya kuuliza juu ya hayo. Ila shirika hilohilo lilijenga hospitali, shule na nyumba za wazee. Tena mwaka 1947 ilitoka sheria ya wanawake kupiga kura, ambayo Evita aliipigania kwa nguvu, na mwaka 1951 alipiga kura yake akiwa kitandani hospitalini. Jambo kubwa namna hiyo mchezo wa jukwaani unalipita mbio, kama msafiri anayepita kijiji usiku.

Na uongo wa kusifu nao umo. Mchezo unamfanya Evita kuwa mmoja wa walioinua umati uliomtoa Perón kizuizini tarehe 17 mwezi wa 10 mwaka 1945. Wanahistoria wengi wanasema mkono wake siku ile ulikuwa mdogo. Vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyotembea.

Padri mmoja aliyetufundisha seminari angenikumbusha Shakespeare na mfalme Richard wa Tatu. Vema. Richard aliuawa mwaka 1485, na watu wamemcheka karne nyingi kwa kibyongo na mkono uliokauka. Mwaka 2012 mifupa yake ilifukuliwa Leicester: uti wa mgongo ulikuwa umepinda kweli, lakini mkono haukuwa na kilema. Ule mkono ulikauka jukwaani.

Evita amekwisha kusumbuliwa hata maiti yake. Perón alipopinduliwa mwaka 1955 maaskari waliichukua, ikazikwa Milano chini ya jina la mwanamke mwingine, ikarudi kwao mwaka 1974 tu. Vikundi vyetu vya jirani visiwe wafukuaji wengine.

Najua wana kizuizi: mwenye haki ya mchezo hutoa ruhusa kwa masharti, na maneno hayabadilishwi hovyo. Haya, waimbe kama yalivyoandikwa. Lakini mlangoni hugawa karatasi yenye majina ya wachezaji na shukrani kwa mfadhili aliyetoa viti. Humo nafasi ipo. Waandike: Che hakubishana kamwe na Evita, habari ya Magaldi haina uthibitisho, sheria ya kura ni ya mwaka 1947. Mistari mitatu tu. Na yule mwalimu atakayevaa ndevu aisome kwa sauti kabla taa hazijazimwa.